Nikigawa ujuzi wangu, nitabaki na nini?

*"Mwalimu, ni mwaka wa tatu sasa tangu niache ajira na kuwa mshauri wa kujitegemea. Wateja wangu ni asasi ndogo na vikundi vya kijamii. Nawaandalia mipango mkakati, nafanya tathmini, nawasaidia kuandika maandiko ya miradi. Mwaka jana nilihudhuria mafunzo ambako tulihimizwa tuache fikra za uhaba na tuwe na mtazamo wa utele, kwamba kazi zipo za kumtosha kila mtu na anayetoa hapungukiwi. Nikaamini. Nikampa mshauri mwenzangu fomu zangu zote za tathmini. Miezi minne baadaye akashinda zabuni ambayo na mimi nilikuwa nimeiomba, akitumia fomu zilezile bila hata kunitaja. Nimepunguza ada kwa nusu kwa vikundi vitatu, na viwili kati yake havijalipa hata hiyo nusu. Nikiwaambia wateja waanze na walicho nacho, wananijibu hawana kitu. Na sasa asasi mbili ninazozihudumia zimeniomba, kila moja kwa siri, niwaandikie maombi ya ruzuku ileile. Silali vizuri. Je, mimi ni mchoyo ninayejidanganya, au mtazamo huu ni wa watu waliokwisha kushiba?"*

Nianze na hilo la uchoyo, maana naona ndilo linalokuuma zaidi. Mchoyo hagawi fomu zake zote kisha akakesha akijiuliza kama ametoa vya kutosha. Kwa hiyo liweke kando. Ninachokiona kwenye barua yako ni mtu aliyefundishwa nusu ya somo, na nusu aliyonyimwa ndiyo iliyomgharimu.

Tuangalie kwanza ile ada uliyoikata nusu, kwa sababu umeihesabu kama tendo la utele na mimi nina shaka. Rudi kwenye siku ile uliyokubali. Ulikuwa unawaza nini? Kama ulijisemea, "kikundi hiki kinafanya kazi nzuri, nina nafasi mwezi huu, nakichangia," basi ulitoa. Lakini kama ulijisemea, "nikitaja ada yangu kamili wataondoka, na sina kazi nyingine," basi hiyo ilikuwa hofu ya kukosa iliyovaa kanzu ya ukarimu. Kwa nje matendo haya mawili yanafanana kabisa. Tofauti huja kuonekana baadaye. Aliyetoa kwa hiari hasononeki sana akicheleweshewa malipo, ila aliyetoa kwa hofu hukasirika, hujilaumu, na mara nyingi hukubali tena bei ileile kwa mteja anayefuata. Sikusemi vibaya. Mwanzoni mwa kazi hii mimi mwenyewe nilikata ada namna hiyo kwa miaka miwili mfululizo, na nilikuwa na maneno mazuri sana ya kujieleza.

Hofu hiyo ina sababu zake, na haitoki kwenye udhaifu wa tabia. Mwaka 2013 kundi la watafiti, miongoni mwao Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir, lilichapisha utafiti kuhusu wakulima wa miwa huko Tamil Nadu, India. Wakulima walewale walipewa majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, wakati fedha zimekauka, kisha baada ya mavuno. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Watu ni walewale na akili ni zilezile. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa kimeikalia akili. Wapo wataalamu waliopinga namna takwimu zile zilivyochambuliwa, kwa hiyo usiuchukue kama neno la mwisho. Hata hivyo mshauri yeyote ambaye mkataba wake unaisha wiki tatu zijazo anajua kinachozungumzwa. Macho hukazia shimo lililo karibu. Unakubali kazi isiyokufaa, unaandika hadidu za rejea kwa haraka, unasahau kupanga malipo ya awali, na miezi miwili baadaye shimo limekuwa kubwa zaidi.

Ndiyo maana huwa sipendi mafunzo yanayomwambia mtu mwenye shimo abadilishe mtazamo tu. Mtazamo wa utele unahitaji kasehemu ka kupumulia. Akiba ya matumizi ya miezi mitatu hufanya kazi kubwa kuliko sentensi mia za kujipa moyo. Kanuni ya kutoruhusu mteja mmoja abebe zaidi ya theluthi ya mapato yako ya mwaka hufanya vivyo hivyo, ingawa mwaka wa kwanza na wa pili ni vigumu kuitimiza. Kuhusu wale "waliokwisha kushiba", una ukweli kiasi. Ni rahisi kugawa ukiwa na akiba. Basi jenga akiba kwanza, hata kama itakulazimu ukatae kuchangia mtu yeyote kwa miezi sita.

Sasa ile nusu ya somo uliyonyimwa. Vitu ulivyo navyo ni vya aina mbili, na kanuni ya "anayetoa hapungukiwi" inahusu aina moja tu. Fomu ya tathmini ukimpa mwenzako, bado unayo. Mbinu ya kuendesha kikao kigumu, orodha ya maswali mazuri, namna ya kusoma bajeti ya asasi, vyote hivyo ukivigawa huvipotezi, na mara nyingi vinarudi vikiwa vimeboreshwa na mikono ya wengine. Lakini siku yako ya Jumanne ukimpa mtu, imekwenda. Nguvu zako, usikivu wako na fedha yako ni hivyo hivyo. Katikati kuna kitu cha ajabu kidogo, nacho ni jina lako. Ukimtambulisha mwenzako kwa mfadhili, uhusiano wako haupungui, ila umeweka jina lako rehani. Akiharibu kazi, wewe ndiye utakayeulizwa. Kwa kifupi, kuwa mkarimu sana kwa ujuzi, mwangalifu kwa utambulisho, na mwenye mipaka migumu kwa muda. Wewe ulichanganya vyote kwenye kapu moja, kisha ulipochoka ukadhani mtazamo wenyewe ndio mbovu.

Nikija kwa mwenzako, tutenganishe mambo mawili. Kushinda zabuni hakukutokana na fomu zako, au zilichangia kidogo sana. Kamati zinazochagua washauri huangalia uzoefu, bei, watu waliotajwa kama marejeo na uelewa wa kazi iliyotangazwa. Nimekaa kwenye kamati hizo, na sikumbuki hata mara moja tuliyompa mtu kazi kwa sababu ya uzuri wa fomu zake. Kwa hiyo usihitimishe kwamba ungezifungia kabatini ungeshinda. Jambo la pili, la kutotajwa, hilo ni kosa kweli, na una haki ya kulisema. Mwandikie wiki hii, kwa utulivu, sentensi mbili au tatu: kwamba umeona fomu zako zimetumika, kwamba unafurahi zinafaa, na kwamba unaomba jina lako liwekwe kwenye ripoti. Majibu yake yatakuonyesha ni mtu wa kushirikiana naye tena au la. Huenda hata hakufikiria. Watu wengi kwenye kazi hii huchukulia fomu kama mali ya umma, na kusema kweli nyingi zimetokana na za watu wengine.

Tangu mwaka 2002 zipo leseni za Creative Commons, ambazo ni bure na hazihitaji kusajiliwa popote. Unaandika mstari mmoja chini ya kazi yako kwamba mtu anaruhusiwa kuitumia na kuigawa mradi akutaje. Ukitaka, unaongeza kwamba asiitumie kibiashara, au kwamba akiiboresha aigawe kwa masharti yaleyale. Mstari huo ungekuondolea maumivu haya yote. Ila kabla ya kuweka leseni yoyote, soma mikataba yako ya zamani. Mara nyingi kazi iliyolipiwa na mteja huwa ni ya mteja, na fomu uliyoitengeneza kwa fedha yake huenda si yako kuigawa. Na majina, picha au simulizi za wanajamii uliowahoji hazigawiwi kwa mwenzako kwa kisingizio cha utele. Wale waliongea nawe kwa sababu fulani, na sababu hiyo haikumhusu yeye.

Kuna watu wanaona kuweka masharti namna hii ni kuua roho ya kushirikiana. Historia ya mali za pamoja inasema vingine. Mwaka 1968 mwanabiolojia Garrett Hardin aliandika kwamba malisho yanayotumiwa na wote lazima yataharibika, kwa kuwa kila mfugaji ataongeza mnyama mmoja zaidi. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza misitu, maji na malisho ya pamoja sehemu mbalimbali duniani, akakuta jamii nyingi zimeyatunza kwa karne kadhaa. Ziliweza kwa sababu zilikuwa na mipaka: nani anaruhusiwa, kiasi gani, nani anasimamia, na anayekiuka anafanywa nini. Katika kijiji cha Törbel, kwenye milima ya Uswisi, kanuni ya mwaka 1517 ilimkataza mwanakijiji kupeleka ng'ombe wengi kwenye malisho ya kiangazi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Naipenda sana kanuni hiyo. Inampima mtu kwa kile anachoweza kukibeba wakati mgumu, wala haiangalii tamaa yake wakati wa neema.

Ipime kalenda yako kwa kanuni hiyohiyo. Chukua siku 260 za kazi kwa mwaka, yaani wiki 52 mara siku tano. Toa likizo, sikukuu na siku za kuugua, tuseme 35, zinabaki 225. Sasa toa siku za kuandika zabuni ambazo nyingi utazikosa, kufuatilia malipo, kuweka hesabu, kujisomea, na vile vikao vya "tuonane tuzungumze kidogo" ambavyo havilipwi na mtu. Kwa anayefanya kazi peke yake si ajabu zikaliwa siku 95. Zimebaki 130. Maana yake kila siku unayolipwa inabeba siku mbili za maisha yako ya kazi. Ukikata ada kwa nusu, siku ile ya pili imebaki bila wa kuibeba, na hapo ndipo ulipo sasa.

Kwa hiyo amua tangu mwanzo wa mwaka ni siku ngapi utachangia. Sita, nane, kumi, zozote unazoweza kuzibeba hata mwaka ukiwa mbaya. Zikiisha, zimeisha, na jibu lako kwa anayekuja baadaye ni la kweli na halina uadui: "Siku zangu za kuchangia mwaka huu zimekwisha, tuzungumzie mwakani, au tupunguze kazi ilingane na bajeti yenu." Zingatia maneno hayo ya mwisho. Mteja akiwa na nusu ya fedha, mpe nusu ya kazi kwa ada kamili. Badala ya mpango mkakati mzima, mfanyie kikao cha siku moja cha kuchagua vipaumbele na muhtasari wa kurasa tatu. Mara nyingi, niseme ukweli, kikundi kidogo hakihitaji zaidi ya hapo.

Na unapochangia, toa ankara. Iandike ada kamili, chini yake punguzo la asilimia 100, kisha sifuri. Najua inaonekana kama mchezo, lakini ina faida mbili. Kikundi kinajua thamani ya kilichopewa, na kinaweza kuionyesha kama mchango usio wa fedha pale mfadhili anapotaka kuona wengine wamechangia nini. Tena ankara hukulazimisha kuandika wigo wa kazi. Kazi ya bure isiyo na wigo haiishi.

Usisahau pia kwamba wateja wako wenyewe wamo kwenye mtego huohuo. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Ann Goggins Gregory na Don Howard, waliueleza kama mzunguko wa njaa: mfadhili anataka gharama za uendeshaji ziwe ndogo kupita uhalisia, asasi inaziripoti kuwa ndogo ili isikose ruzuku, na ripoti hiyo inamthibitishia mfadhili kwamba inawezekana. Kila mwaka asasi inazidi kukonda. Mambo yanabadilika, ingawa polepole. Nchini Marekani, kwa mfano, kiwango cha gharama zisizo za moja kwa moja ambacho asasi isiyo na makubaliano maalumu inaweza kuomba kwenye ruzuku za serikali kuu kilipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 15 mwezi Oktoba 2024. Unapokubali nusu ya ada kimyakimya, unaiingiza asasi kwenye bajeti ya uongo, na mshauri atakayekuja baada yako ataulizwa kwa nini yeye ni ghali. Msaada mkubwa zaidi unaoweza kuwapa huenda ni kuwafundisha kuweka gharama halisi za ushauri kwenye andiko lijalo.

Kuhusu wale wanaosema "hatuna kitu", nakuomba uwe na subira nao, kwa sababu jibu hilo wamefundishwa. Kikundi kilichojifunza kwamba fedha hufuata shida kitakuorodheshea shida, na wewe umekuja na kalamu na karatasi kama wale waliotangulia. John McKnight na John Kretzmann wa Chuo Kikuu cha Northwestern, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipendekeza kugeuza ramani: badala ya kuchora upungufu wa mtaa, uchore vipaji vya watu, vyama vyao vya hiari, taasisi zilizo karibu, ardhi na majengo, na namna watu wanavyobadilishana vitu. Wengi tumeichukua njia hiyo, na wengi tumeikosea kwa kuuliza moja kwa moja, "mna nini?" Niliwahi kuliuliza swali hilo mbele ya watu ishirini na kitu na nikapata ukimya mrefu. Mama mmoja alinionea huruma, akasema, "Tuna wewe, mwalimu." Wote wakacheka. Baada ya mapumziko nikauliza kwa namna nyingine: "Mara ya mwisho mlifanikisha jambo bila mfadhili yeyote, ilikuwa lini, na nani alifanya nini?" Hapo sikuweza kuwanyamazisha. Kulikuwa na mazishi waliyoyagharamia, barabara waliyoifukia mashimo, mtoto waliyemlipia shule kwa mwaka mzima. Tulipomaliza, ukutani kulikuwa na majina ya watu, ujuzi wao, na nani humsikiliza nani. Ule ulikuwa mtaji, ila hakuna aliyewahi kuuita hivyo.

Hata hivyo njia hii ina hatari, na wanaoikosoa wana hoja. Ikitumiwa vibaya, inakuwa namna ya kuwaambia maskini wajitegemee ili wenye wajibu wapumzike. Zahanati isiyo na dawa haitapata dawa kwa kuchora ramani ya vipaji. Palipo na uhaba halisi, uite kwa jina lake, kisha tumia nguvu zilizopo kumdai anayepaswa kuuondoa.

Limebaki lile la ruzuku moja na asasi mbili, nalo ndilo la haraka. Usiandike maombi yote mawili kimya. Hata ukiyaandika kwa uaminifu, siku ikijulikana, na huwa inajulikana, utakuwa umepoteza wote wawili. Mwambie kila mmoja, bila kumtaja mwingine, kwamba mteja wako mwingine anaomba ruzuku hiyohiyo, kwamba huwezi kuandika yote mawili, na umwombe ruhusa ya kumtaja kwa mwenzake. Wakikubali, wakutanishe. Mary Parker Follett, aliyeandika sana kuhusu migogoro kazini miaka ya 1920, alisimulia kisa cha maktabani Harvard: mtu mmoja alitaka dirisha lifunguliwe, Follett mwenyewe alitaka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha pili. Yule mtu alitaka hewa tu, na Follett hakutaka upepo umpige moja kwa moja. Huenda asasi moja inataka fedha za mafunzo na nyingine inataka kufika maeneo mapya, na ombi moja la pamoja likawafaa. Huenda pia isiwe hivyo. Ombi la pamoja lina gharama zake: anayeongoza hushika fedha, mwingine husubiri, na bila hati ya makubaliano iliyosainiwa kabla ya kuanza kuandika, urafiki huvunjika kwenye ripoti ya kwanza ya fedha. Na ikiwa mfadhili atachukua mmoja tu na hawako tayari kuungana, basi kubali kwamba hapa kweli hapatoshi. Mwandikie aliyekuomba kwanza, na mwelekeze wa pili kwa mshauri mwingine unayemwamini. Yeyote akisema atakulipa asilimia ya ruzuku ikipatikana, kataa. Kanuni za maadili za Association of Fundraising Professionals, chama cha wataalamu wa kuchangisha fedha, zinakataza malipo ya namna hiyo, na wafadhili wengi huyachukia.

Yapo ambayo barua haiwezi kuyatatua. Mikataba ya zamani na suala la nani mwenye haki ya fomu, mpelekee mwanasheria aisome akiwa nayo mkononi. Kama unatumia fedha za mteja mmoja kumaliza kazi ya mwingine, au hujaweka fedha za kodi pembeni, kaa na mhasibu kabla mwezi haujaisha. Vile vikundi viwili visivyolipa, vitembelee ana kwa ana ukiwa na ankara, mkubaliane tarehe hata kama ni kidogo kidogo. Ujumbe wa simu pekee hautoshi. Na hilo la usingizi umelitaja kwa maneno mawili tu, kama jambo la kupita. Likiwa limezidi wiki kadhaa, au linakuja na moyo kwenda mbio na kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, nenda ukamwone daktari au mshauri nasaha, na usisubiri ruzuku ijibiwe.

Tafuta pia washauri wenzako watatu au wanne wa kukutana nao mara moja kwa mwezi, mtaje ada zenu kwa sauti na muonyeshane mikataba mliyokwama nayo. Huyo aliyechukua fomu zako, akijibu vizuri, mwalike.